Kofia ya Mama Yapanda Jabal Akhdar

Mtoto wa mjomba wangu aliyeko Maskati, Oman, alinionya mapema: "Kaka, hicho kigari chako cha kukodi Jabal Akhdar hakifiki. Pale Birkat al-Mauz, chini ya mlima, kuna askari, wanataka gari linalovuta matairi yote manne." Nikamcheka. Mimi mtu wa Tanga, niliyepanda Lushoto kwa Noah imeshona abiria na kuku juu, leo nitishwe na mlima?

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Aprili, msimu wa mawaridi. Nikatinga kanzu mpya, nyeupe pe, na kofia ya viua aliyonishonea mama kwa mkono wake, miezi minne, kitundu baada ya kitundu. Nikapitia mji wa Nizwa kutazama mnada wa mbuzi wa Ijumaa. Wenye mbuzi wanazunguka nao, wanunuzi wamewakodolea macho, bei zinatajwa kwa kelele. Nikasimama mbali, kulinda kanzu.

Askari wa Birkat al-Mauz wala hakunitazama usoni. Alitazama matairi, akaninyooshea kidole nilikotoka. Gari ndogo zikishuka mlima ule breki huchemka, zikagoma kukamata. Nikamtolea Kiarabu changu chote cha chuoni, ambacho kwa kweli kinafaa zaidi kwenye dua. Akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia "Amin." Kidole bado kiko palepale.

Nimeegesha pembeni nimenuna, ikasimama pikapu yenye viti vya nyuma. Mbele kijana na baba yake, mzee wa ndevu nyeupe. Wametoka mnadani. Bodi imejaa mbuzi wakubwa wenye manyoya marefu, na wawili wadogo wamewekwa ndani, kiti cha nyuma. Mzee akanikaribisha kwa ukarimu wote. Nikakaa katikati ya wale wadogo kama bwana harusi.

Mlima ule ni kona juu ya kona. Unafika uwanda wa Saiq, kama mita 2,000 juu ya bahari, masikio yameziba. Kila kona ya kulia, mbuzi wa kulia ananilalia. Kona ya tatu nikahisi uvuguvugu mapajani. Nikajiambia ni jua. Kona ya nne nikaacha kujidanganya.

Nikainama kujifuta. Kunyanyuka, kichwa chepesi. Geuka: yule wa kushoto ana kipande cha viua kinaning'inia mdomoni, anatafuna polepole, macho kafumba. Nikavuta, naye akavuta. Mzee akageuka, akaitazama ile kofia, akatabasamu kama aliyeona ndugu.

"Zinjibar?" akaniuliza.

"Tanga," nikajibu, huku tunavutana.

Mbuzi akameza.

Walinishusha kijiji cha Al Ayn, ambako mashamba yamepangwa ngazi ngazi kwenye ukingo wa bonde, na mwenyeji wangu alikuwa anapika marashi. Majiko ya udongo yanafuka, vyungu vimejaa petali zilizochumwa alfajiri, juu ya kila chungu bakuli la maji baridi ili mvuke ugeuke matone. Kijiji kizima kinanukia waridi na moshi. Kilinukia, niseme, mpaka nilipoingia mimi.

Mwenyeji hakusema neno, Waarabu wa milimani wana heshima zao. Nikaletewa kahawa na tende, kisha mrashi, kama kwetu kwenye maulidi. Akaninyunyizia mara moja. Akavuta pumzi. Akaninyunyizia tena. Akasita, akamwangalia mwanawe, kisha akafungua kichwa cha mrashi na kunimiminia wote, kuanzia mapajani.

Usiku mama akapiga simu kutoka Tanga. Cha kwanza kuuliza: "Mwanangu, Waarabu wameipenda kofia yangu?"

"Mama, kuna mmoja aliitamani mpaka akashindwa kujizuia."

"Basi nitamshonea na yeye," akasema.