Usingizi si uvivu

Mwandishi wa makala niliyoisoma amewasihi wanafunzi wa vyuo wajitunze, wasikubali masomo na kazi viwameze. Nakubaliana naye, ila suala la usingizi amelipitia juu juu mno. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku, kwa sababu tukiwa tumelala ndipo ubongo unapopanga na kuhifadhi tuliyojifunza mchana. Anayekesha kuamkia mtihani anajinyima saa zile zile ambazo zingemsaidia kukumbuka. Na kahawa ya usiku, jamani! Zikipita saa 5 hivi tangu uinywe, karibu nusu ya kafeini, kile kiamsho kilichomo kwenye kahawa, bado imo mwilini.

Nilikesha hivyo mwaka wangu wa pili, nikaingia kwenye mtihani nasoma swali moja mara tatu bila kulielewa. Hakuna aliyewahi kuniambia nikalale. Nilisifiwa kwa bidii.

Wanaosoma huku wanafanya kazi wana mzigo mzito zaidi, maana kodi ya nyumba haisubiri. Kwa ajili yao naviomba vyuo visirundike mitihani na tarehe za kuwasilisha kazi katika wiki moja. Hilo haliko mikononi mwa mwanafunzi.