Msuli, Jeki na Mama Mkwe

Jumamosi ile nilikuwa nimeapa kumnyima fundi elfu thelathini zake. Land Rover yangu ni One Ten kongwe, ya kabla jina la Defender halijaanza kutumika mwaka 1990, na ilikuwa imeanza kulia. Kelele kwake si habari. One Ten ikiwa kimya ujue imezimwa. Lakini hii ilikuwa mpya. Kila tukivuka tuta, au tukipanda ile njia ya mawe ya kwenda Amani, nyuma husikika "gwaa!" kama mtu kaangusha sufuria la pilau usiku wa manane.

Fundi akainama, akapitisha kidole, kikatoka na unga mweusi. "Stopa zimekwisha."

Stopa ni kipande cha raba kama ngumi, kimefungwa chini ya chesisi, yaani fremu ya gari, juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu. Shimo likiwa baya, springi ikibonyea mpaka basi, ekseli hupanda ikagonga raba badala ya kugonga chuma. Kazi yake duniani ni kupigwa tu. Zangu zilikuwa zimekauka na kupasuka, na ya kushoto ilibaki kibati.

"Raba lete wewe, mkono wangu elfu thelathini."

Elfu thelathini, kwa nati za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja! Nikanunua raba, nikarudi kwangu Tanga. Mke wangu akaniangalia navyopanga spana, akasema, "Baba watoto, ulipotengeneza bomba tulichota maji kwa jirani wiki mbili." Sikumjibu. Nikatandika salfeti chini ya gari, nikaingia na msuli wangu, maana sijaona sababu ya mtu kuvaa suruali Jumamosi uani kwake.

Nikaweka jeki chini ya ekseli, nikapampu. Ajabu, kila nikipandisha, nafasi ya kuingiza mkono inazidi kuwa finyu. Nikapampu kwa hasira zaidi. Sasa hata kidole hakipiti.

Juu ya ua nikasikia mtu anakohoa. Babu jirani, dereva mstaafu wa mashamba ya mkonge, alikuwa ameegemea pale muda mrefu akiburudika.

"Bwana mdogo, hapo wanyanyua ekseli, nayo yaifuata raba. Nyanyua chesisi, ekseli ining'inie. Na utie magogo. Jeki si ndugu yako."

Nikahamisha jeki, nikatia magogo mawili ya mwembe chini ya chesisi, nafasi ikafunguka kama mlango wa msikiti. Nikajifanya nilikuwa najua.

Nati ndizo zilizonila asubuhi nzima. Chumvi ya bahari imezishika miaka, na gari la Kiingereza la umri ule huchanganya nati za inchi na za milimita kama ubishi. Nikavalisha spana ya 13. Ikaingia, ikacheza kidogo, nikaona si neno. Kumbe nati ni ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, na hizo nukta tatu zilizobaki zilitosha kula kona zote sita. Ikawa duara kama kitumbua. Nikamwagia dizeli, nikangoja, nikaishia kwenye tindo na nyundo, vumbi la kutu likiniingia machoni na maneno yakinitoka ambayo babu aliyapokea kwa "Astaghfirullah" za kutosha.

Adhuhuri raba mpya zikakaa. Hapo ningenawa mikono, ningekula ubwabwa wangu, na ningekuwa sina cha kuwasimulia. Ila nilitaka kujaribu.

Nikairudisha jeki chini ya ekseli, kijana wangu apampu nje, mimi nilale ndani nitazame kama raba inakaa sawasawa. Springi zimechoka, na nyuma mlikuwa na mifuko sita ya saruji niliyosahau kushusha, kwa hiyo ekseli ilipanda bila ubishi. Nikaona ina grisi. Nikaifuta kwa ncha ya msuli.

"Pampu... pampu... basi!"

Raba ikabusu ekseli barabara. Katikati yao, msuli wangu.

Nikavuta. Tani nzima ya Land Rover ikavuta upande wake. "Legeza jeki!" Kimya. Kijana alisikia "basi", akaelewa kazi imekwisha, akaondoka na mkono wa jeki kwenda kuangulia maembe. Na skrubu ya kulegezea haizunguki bila ule mkono. Nilijaribu kwa vidole mpaka kucha ikanung'unika.

Ndipo nikasikia, "Hodi wenyewe!"

Sauti ile naijua. Mama mkwe, kutoka Pangani, bila simu.

"Shikamoo mama," nikasema.

Akasimama. Nikaona kandambili zake zikigeuka kushoto, zikigeuka kulia. "Marahaba baba. Mbona salamu yatoka uvunguni?"

"Natengeneza gari, mama. Tangulia ndani."

"Aa, nitakungoja nikuamkie vizuri." Akateremsha kikapu cha mihogo, akaketi kwenye kigoda, mita mbili kutoka kichwani mwangu. Mkwe mwenye adabu kama yule huwezi kumfukuza.

Dakika ishirini. Chungu wakanigundua, wakaitana. Siafu ningewavumilia, hawa walikuwa majimoto. Nikaufungua msuli kiunoni, nikajiviringishia salfeti, nikatoka kinyumenyume upande wa pili.

Mama mkwe, Mungu ampe umri, aliugeukia mwembe papo hapo akawa anahesabu maembe. Ni babu aliyeisoma ile salfeti kwa sauti, herufi moja moja, kwa kuwa maandishi yalinikaa nyuma:

"CHAKULA... CHA KUKU... WA MAYAI."

Kigoda kikaanza kutikisika. Mama mkwe alijitahidi sana, kanga mdomoni, mabega yakipanda na kushuka kuliko springi zangu.

Gari halilii tena. Msuli una alama nyeusi ya raba, imekaa katikati sawasawa, haikuinama upande wowote. Nilimpelekea fundi aione. Akauliza salfeti iko wapi.