Fimbo iliyolia kila mahali isipokuwa mtaroni

Mjomba wangu alipofuka kwa presha ya macho akiwa mtu mzima, fundi cherehani mwenye wateja wake. Baadaye mradi mmoja ukagawa fimbo za kisasa kwa wasioona wa mtaani kwao. Ndani ya fimbo mna kihisi kinachotuma mawimbi ya sauti mbele. Yakigonga kitu na kurudi, fimbo inalia. Hotuba zikatolewa, picha zikapigwa. Wiki ya pili nikaikuta imeegemezwa nyuma ya mlango.

"Mjomba, mbona umeiacha?"

"Twende nayo Kariakoo, utaona mwenyewe."

Tuliposhuka tu kwenye daladala ikaanza. Mchuuzi wa mitumba, ikalia. Mkokoteni, ikalia. Bega la mpita njia, ikalia. Mjomba huzitambua bodaboda kwa mlio wake na upande zinakotokea. Sasa masikio yake yalikuwa yameshikwa na kelele ya fimbo. Kisha tukafika kwenye mtaro ambao mfuniko wake umeondolewa. Fimbo ikawa kimya kabisa, maana kihisi chake kimeelekezwa mbele, usawa wa kifua, na mtaro uko chini. Nikamdaka mkono.

"Inaniogopesha watu," akasema. "Mimi siogopi watu, naogopa mashimo."

Maneno hayo wangeyapata bure kama wangemfuata kabla hawajachora chochote. Asiyeona huitwa mwishoni, kitu kimeshakamilika na fedha zimeshakwisha, akabidhiwe na kushukuru. Naliona hilo ni kosa kubwa, tena linamgharimu yule yule tunayesema tunamsaidia.

Nukta nundu yenyewe, maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole, ilitoka wapi? Charles Barbier, mtu mwenye macho yake, alibuni maandishi ya nukta 12. Louis Braille, mwanafunzi asiyeona huko Paris, aliyagusa akajua kasoro iko wapi: nukta 12 hazienei chini ya ncha ya kidole kimoja. Akazipunguza zikawa 6. Mfumo wake ulichapishwa mwaka 1829, lakini shule yake haikuukubali rasmi hadi 1854, miaka 2 baada ya kifo chake. Muda wote huo wanafunzi walishautaka, maana vidole vyao vilishaamua.

NVDA nayo, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini ya kompyuta, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akajiunga naye; wote wawili ni Waaustralia wasioona. Walijua kipi kinakera kwa sababu kilikuwa kinawakera wao.

Turudi kwa mjomba, na simu yake inayomsomea kwa sauti. Mwanzoni ilikuwa na sauti ya Kiingereza tu, ikiusoma ujumbe wa pesa wa Kiswahili hata neno "imethibitishwa" halitambuliki. Mzee mwenye hesabu zake kichwani akawa anampa mtoto wa jirani amsomee salio. Siku kijana mmoja alipomwekea sauti ya Kiswahili, mjomba aliusikiliza ujumbe mmoja mara tatu, kisha akaiweka simu mfukoni bila kusema neno. Faragha ilikuwa imemrudia.

Programu ya benki yake ndiyo bado. Anapapasa skrini, simu inamwambia: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kipi cha kutuma, kipi cha kufuta, hakuna anayejua, kwa sababu mtengenezaji hakuviandikia majina. Kukiandikia kitufe jina ni kazi ya dakika chache. Angekaa na mjomba asubuhi moja, macho yake mwenyewe yakiwa yamefumbwa, angevimaliza vyote kabla ya chai ya saa nne. Na huo muda amlipe, kama anavyomlipa mchoraji wa nembo. Ujuzi wa kuishi bila kuona ni utaalamu, si hisani ya kuombwa bure.

Nilimuuliza mjomba angetaka kifaa gani kama angeulizwa. Hakufikiri hata kidogo. Akaigeuza fimbo yake ya kawaida, akanionyesha ncha. Lami na kokoto huila haraka, na ncha ya kubadilisha hajui pa kuinunua. Amekata kipande cha kandambili kuukuu, akakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli na kukikaza kwa uzi wa cherehani.

"Hii," akasema, "watu wa mashine wangenitengenezea hii."