Swali la Hawe Nililolitafsiri Vibaya

Kanisani kwetu hapa Minnesota, Marekani, kila kundi linaporudi kutoka safari ya misheni hupewa Jumapili moja ya kutoa ushuhuda. Maneno ni yaleyale kila mwaka: tulikwenda kubariki, kumbe tumebarikiwa sisi. Mimi nilikuwa nikikaa viti vya nyuma, nimetoka zamu ya usiku macho mekundu, nikiguna kimoyomoyo. Nimezaliwa upande wa pili wa zile picha. Nikiwa mdogo Kakuyuni, nje kidogo ya Malindi, ni sisi tuliopangwa kwa urefu tukaimbishwa wageni walipofika, kisha tukagawiwa peremende.

Mwaka juzi kamati ikachagua kwenda Malindi. Nikaombwa niwe mkalimani, nauli juu yao. Ningekataaje? Mama yangu sikuwa nimemtia machoni miaka sita.

Basi nikaenda kwetu kama mgeni. Tulikuwa watu 14, fulana za rangi moja, nami nimo. Tuliposhuka Mombasa na kushika barabara ya Kilifi, dereva alinisemesha Kiingereza. Nilipomjibu kwa Kigiriama alicheka hadi akapunguza mwendo.

Habari ya watu wazima waliovuka bahari kuja kupaka rangi darasa la chekechea, huku mafundi wa hapohapo wamekaa chini ya mkorosho wakitazama, sitaisema sana. Imeshasemwa na wengi na ni kweli. Ila si kila kitu kilikuwa bure. Tulikuwa na sanduku la miwani ya kusomea, na mvuvi mmoja mtu mzima, Mwislamu, aliijaribu jozi ya tatu, akatoa mfukoni sindano yake ya kushonea nyavu, akatunga uzi mara moja tu. Akauchomoa, akatunga tena. Akanitazama kama aliyeona kiini macho, akaondoka hata kuaga akasahau.

Lililoniaibisha ni chakula. Mwenyeji wetu alichinja kuku wawili wa kienyeji, akapika wali wa nazi, madafu yakaangushwa. Wenzangu walikuwa wameonywa wasile cha nje ya hoteli, wakatoa biskuti zao mifukoni. Nikala kwa niaba ya ujumbe mzima hadi nikashindwa kuinuka mkekani, na mama wa watu bado anauliza kama chumvi ilizidi.

Siku ya nne tukapelekwa kuwaombea wagonjwa majumbani. Haikuwa rahisi kama zamani. Tangu yale ya Shakahola mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa na mhubiri wafunge hadi kufa ilipofukuliwa msituni, mtu akija na Biblia huku kwetu huangaliwa mara mbili. Mzee wa kijiji alitaka barua zetu, akanivuta kando, akaniuliza tunafundisha nini hasa kuhusu kufunga. Nilimwonyesha mabaki ya pilau kwenye fulana yangu. Akatuachia.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya hawe mmoja, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kigiriama. Mguu umevimba, kalazwa kitanda cha kamba chini ya mwembe. Mjukuu mmoja anampepea, mwingine kakaa miguuni pake anapeta mchele, mkaza mwana anakuna nazi hatua tatu kutoka pale, na jirani aliyekuja kuomba chumvi alikuwa bado hajaondoka. Wenzangu walipiga magoti mchangani wakaomba kwa machozi, nami natafsiri. Mama mmoja wa kundi letu alimshika hawe mkono, asiuachie hata baada ya amina. Hawe akamtazama, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, waulize hawa wageni. Wazee wao wamewaacha na nani?"

Hakuwa akimsuta mtu. Kwetu hilo ni swali la adabu, kama kuuliza mvua imenyesha huko mtokako. Lakini mate yalinikwama. Yule mama aliyeshika mkono, mzazi wake yuko ghorofa ya pili ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Mimi ndiye ninayemwogesha. Toka Krismasi hadi tunasafiri mwezi wa saba, bintiye nilikuwa nimemwona pale mara mbili, na anakaa mwendo wa dakika ishirini kwa gari.

Nikasema kwa Kiingereza, "Anauliza kama wazee wenu hawajambo."

Wakafurahi. Yule mama akajibu mama yake hajambo, anatunzwa vizuri sana. Hawe akasema, haya, Mungu awaweke.

Sikumficha yule mama tu. Mimi mama yangu nimemwacha na nani? Na dada yangu, na M-Pesa.

Msinielewe vibaya, kwetu si peponi. Mguu ule ulihitaji vipimo ambavyo hela yake ilishakwenda kwenye karo, na muuguzi mstaafu wa kundi letu alipompima hawe presha alirudia mara mbili, hakuamini. Hapa Minnesota vidonge huja kwenye vikombe vidogo saa mbili kamili asubuhi, kitanda hupanda na kushuka kwa kubonyeza. Lakini yupo mzee wetu mmoja hupiga kengele saa tisa za usiku. Ukifika, hataki maji, hataki choo. Anakuuliza ni saa ngapi. Na saa iko ukutani, mbele ya macho yake.

Siku ya mwisho walitaka kuona kile kikanisa cha Wareno cha paa la makuti. Kiongozi wetu alieleza kwamba Fransisko Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Baadaye nilisoma kuwa Xavier mwenyewe aliandika kutoka Goa, mwaka huohuo, juu ya mzee mmoja Mwislamu wa mji aliyemuuliza kama makanisa ya kwao hujaa watu, maana Malindi ilikuwa na misikiti 17 na ni 3 tu iliyokuwa ikiendewa. Nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe wazee wetu hawakuanza leo kuwauliza wamisionari habari za nyumbani kwao.

Siku hizi mtu akiniambia safari ya misheni imembadilisha, sigunii tena. Namwamini. Ile ni shule ya anayesafiri, na shule si kitu kibaya. Ninachouliza ni karo analipa nani. Karo ni wale kuku wawili, ni siku za kulima zilizokwenda kwa kutungoja, ni vipindi ambavyo watoto walikosa wakifanyishwa mazoezi ya nyimbo. Kisha mwanafunzi akirudi tunampigia makofi kwa kutoa msaada.

Jumapili yetu ya ushuhuda ilipofika nikapewa dakika tatu. Nikasema kuna swali nililitafsiri vibaya, nikalitafsiri upya, neno kwa neno. Yule mama alikuwa safu ya pili. Nilijuta kabla sijamaliza sentensi. Mchungaji alishukuru, akatukaribisha kahawa.

Jumapili alasiri sasa mimi huenda pale kazini bila sare, kukaa tu. Nilitangaza kanisani anayetaka tufuatane. Mpaka leo amekuja mmoja, fundi bomba mstaafu ambaye hajawahi hata kuwa na pasipoti. Huja na gazeti, huketi karibu na yule mzee wa kengele, humsomea kwa sauti matokeo ya mpira wa magongo wa barafuni, wakibishana. Mama yangu bado yuko na dada yangu na M-Pesa. Hilo sijalipatia dawa.

Yule mama wa safu ya pili hanisalimii vizuri. Ila nikiingia zamu ya Alhamisi namkuta mama yake kucha zimepakwa rangi nyekundu, vibaya vibaya, imevuka hadi kwenye ngozi, na hataki niifute.