Urawa hawakubahatisha

Mwandishi mmoja ameeleza kwamba Urawa Red Diamonds, klabu ya Japani, walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Asia ya msimu wa 2022 kwa bahati tu, kwa kuwa bao pekee la mkondo wa pili wa fainali kule Saitama, tarehe 6 Mei 2023, lilikuwa la kujifunga la André Carrillo wa Al-Hilal ya Saudi Arabia. Naheshimu maoni yake, lakini sikubaliani nayo. Urawa walifuzu fainali Agosti 2022 kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Jeonbuk ya Korea Kusini, baada ya mshambuliaji wao Kasper Junker kusawazisha dakika ya 120, kisha wakalazimika kusubiri miezi minane, na katika kipindi hicho kocha akabadilika na Junker mwenyewe akapelekwa klabu ya Nagoya kwa mkopo. Al-Hilal, kwa upande wao, walitoka kuichapa Al-Duhail ya Qatar 7-0 katika nusu fainali iliyochezwa Februari, wakiwa wamoto kabisa. Isitoshe, mkondo wa kwanza mjini Riyadh uliisha 1-1, na Salem Al-Dawsari, aliyefunga bao la wenyeji, alijiponza mwenyewe kwa kadi nyekundu. Hiyo nayo tuiite bahati?