Vifuniko viwili, basi

Jamani, nani aliyekipa kifuniko cha chupa cheo cha kipimo? Maana kila penye mashine kongwe ya kukata nyasi, ile ya tustroki, inayochanganyiwa oili kwenye petroli, inayolia kama nyuki waliochokozwa, hakosi bwana mmoja, dumu mkononi, ujuzi kichwani. "Weka vifuniko viwili, basi." Viwili vya chupa gani, mheshimiwa? Kwa lita ngapi? "We weka tu, utaiona rangi."

Rangi! Hiyo rangi ya oili hutiwa kiwandani ili ujue petroli imeshachanganywa. Inakuambia oili imo. Imo kiasi gani, haisemi.

Sasa tuhesabu kwa utulivu, kama watu wazima. Mashine iliyoandikwa 25:1, yaani petroli mafungu 25 kwa oili fungu moja, inataka mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani 200 kwa dumu la lita 5. 32:1 ni kama 156 kwa dumu hilo hilo. 50:1 ni 100. Zile babu kabisa za 16:1, zilizopangiwa enzi za oili nzito ya SAE 30, ni kama 312. Kifuniko hakimo.

Ukimwonyesha namba iliyobandikwa kwenye mashine, anacheka. "Hiyo ya kiwandani, sisi tuko uwanjani." Kisha anaokota chupa ya oili na kusoma kwa sauti ya hakimu: 50:1! Chupa inajuaje beringi za mashine yako? Injini hii haina sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mchanganyiko unapita kwanza chumba cha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na hiyo oili kidogo iliyomo ndiyo inayolainisha krenki, pistoni na ukuta wa silinda. Kongwe yenye bushi tupu, pete tu isiyo na vijiti vya kuzunguka, badala ya beringi za sindano inataka zaidi, si kidogo. Ukiibania, pistoni inachunika upande wa ekzosi, kwenye joto kali, halafu inang'ang'ania silinda. Hapo vuta kamba mpaka bega litoke.

Akishindwa hapo, anageuka. "Basi ongeza, oili haijawahi kuua mtu." Mtu hapana, plagi ndiyo: itatoka imelowa, nyeusi tii. Masizi yanajaa kwenye tundu la ekzosi, nguvu zinaisha, moshi unatanda kama kuna tambiko. Na hili halimwingii kamwe: oili inapita kwenye tundu lile lile la kabureta, kwa hiyo ukiizidisha, petroli inayoingia inapungua na hewa inabaki ile ile. Mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inachemka. Anayezidisha oili kwa huruma anaichemsha mwenyewe!

Na namna ya kuchanganya sasa. Anamimina petroli kwenye tanki, oili juu yake, halafu anaitikisa mashine nzima kama anabembeleza mtoto. Oili nzito inazama, inakwenda kukaa pale pale inapoanzia paipu ya kabureta. Bwana wee, dumu safi lipo! Nusu ya petroli, oili yote, tikisa. Mimina petroli iliyobaki, tikisa tena. Na kila unapotaka kujaza tanki, tikisa kwanza. Kuna ugumu gani?

Oili ya fostroki, kama ya gari? Hapana, inaacha majivu. Ya boti? Ile imetengenezewa injini inayopozwa kwa maji, hii inapozwa kwa upepo. Tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD, alama za ubora wa oili ya tustroki. Petroli ya oktani kubwa ni fahari tu, mgandamizo wenyewe mdogo. Yenye ethanoli inavuta unyevu na kuharibu paipu na vizibo vya mpira vya zamani. Mchanganyiko uliopita mwezi, usiutie kabisa.

Lakini yeye hata hayo akiyakubali, injini ikizimika baada ya dakika tano anarudi kulekule, "Oili hiyo!" na kufungua plagi kwa mara ya nne. Tundu la kupitisha hewa kwenye kifuniko cha tanki halitazami. Tundu dogo kuliko punje ya mchele. Likiziba kwa vumbi na nyasi, petroli haishuki. Legeza kifuniko. Ukisikia "fyuu" na mashine ikawaka, ugonjwa ni huo, sindano inatosha. Kifuniko anacho mkononi muda wote huo, anapimia oili.