Wizi wa benki bila mbio za magari

Nikiona filamu mpya ya ujambazi, magari yanaruka hewani na ghorofa zinalipuka, moyo wangu hurudi kwenye Cash on Demand. Ni filamu ya Uingereza ya mwaka 1961, haina rangi, na imetengenezwa kwa fedha kidogo na kampuni ya Hammer, ileile ya akina Dracula na Frankenstein. Karibu kisa chote kinakaa ndani ya benki moja ya mji mdogo: ukumbi wa wateja, ofisi ya meneja, chumba cha hazina chini. Basi. Kamera inazunguka humohumo kwa zaidi ya dakika 80, nami sijawahi kuichoka.

Ni tarehe 23 Desemba. Makarani wanangojea sherehe yao ya Krismasi. Anaingia meneja, Harry Fordyce, anayeigizwa na Peter Cushing, na mara hewa yote inabadilika. Fordyce anakagua hadi nibu za kalamu. Kwenye sherehe hataki kwenda. Karani wake mkuu, Pearson, mtu mpole aliyeigizwa na Richard Vernon, anaitwa ofisini na kutishiwa kufukuzwa kwa kosa dogo la hesabu ambalo limekwisha kurekebishwa.

Hapo huwa nashika shavu. Kazi yangu ya kwanza niliifanya chini ya bosi wa namna hiyo. Hakupiga kelele hata siku moja, lakini akipita nyuma ya kiti chako unasahau jumla uliyokuwa unaijumlisha. Cushing amempata mtu huyo sawasawa: mgongo umenyooka, midomo imebanwa, macho yanatafuta vumbi.

Kisha anakuja mgeni nadhifu, Kanali Gore Hepburn, akijitambulisha kuwa mkaguzi kutoka kampuni ya bima. Mlango wa ofisi ukishafungwa, inajulikana kwamba ni jambazi. Simu inalia, na Fordyce anamsikia mkewe akimsihi atii kila anachoambiwa. Mke na mtoto wake wa kiume ni mateka, na wataumizwa asipotii. Kuanzia dakika hiyo meneja ndiye mwizi. Ni lazima yeye mwenyewe asaidie kupakia noti za benki yake kwenye masanduku, huku akitembea mbele ya makarani wake kana kwamba hakuna kitu.

Kanali huyo ni André Morell, na namna anavyotisha ni ya pekee. Anaongea kwa utaratibu, ni mchangamfu, tena anamsuta Fordyce kwa jinsi anavyowatendea watu walio chini yake. Jambazi ndiye anayetoa somo la utu! Yeye na Cushing walikuwa wamekwisha kuzoeana. Mwaka 1954, katika tamthilia ya BBC ya riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four, Cushing alikuwa Winston Smith na Morell alikuwa O'Brien, mtesaji wake. Mwaka 1959 wakawa Sherlock Holmes na Daktari Watson. Nadhani ndiyo maana hapa mmoja akivuta pumzi mwenzake anajua neno linalofuata.

Watu huisifia filamu hii kwa kusema, "kwa bajeti ile, wamejitahidi." Sifa hiyo siipendi kabisa. Wangekuwa na fedha nyingi, wangetutoa nje ya benki. Wangetupeleka nyumbani kwa Fordyce, tumwone mama amefungwa kamba na mtoto analia, kisha polisi wanakimbia mjini. Na filamu ingekufa palepale. Kwa kuwa hatutoki, tunajua kile tu anachokijua Fordyce: sauti iliyotoka kwenye simu. Hofu yake inakuwa yetu kwa sababu sisi pia tumefungiwa mle ndani. Ufinyu wa bajeti na ufinyu wa roho ya mtu yule vimekutana chumba kimoja, na hapo ndipo uzito wa filamu ulipo.

Asili yake inaeleza mengi. Ilianza kama mchezo wa televisheni wa Jacques Gillies, The Gold Inside, mwaka 1960. Aliyeuongoza, Quentin Lawrence, ndiye aliyeongoza na filamu, na Morell na Vernon walikuwa wamekwisha kucheza nafasi zao zilezile. Kwao Uingereza haikuonyeshwa mpaka 1963, tena ikiwa imefyekwa hadi dakika 66 hivi, ili itangulie filamu kubwa kwenye tiketi moja. Ilinichoma niliposoma hayo. Ukiitafuta, tafuta ile ndefu.

Mwisho wa kisa sitautoa. Nitataja sehemu moja tu, inayokuja muda ukiwa umebana. Pearson amekwisha kuingiwa na shaka, na amechukua hatua ambayo karani makini angeichukua. Fordyce anamwendea na kumsihi anyamaze, kwa ajili ya mke na mtoto. Ni Pearson yuleyule wa asubuhi, ambaye bado hajui kama kesho atakuwa na kazi. Mgongo wa Cushing haujanyooka tena, na sauti yake imekatika vipandevipande. Pearson anamsikiliza.